Tusinunue dukani kile kilichojaa hewani

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii tumeifundisha darasani miaka nenda miaka rudi, tukaieleza kuwa ni ya kuhimiza bidii na unyenyekevu, kisha tukaendelea na methali nyingine. Leo napenda kuitumia kwa maana yake ya wazi kabisa. Chini ya ardhi, katika mizizi ya maharagwe, kunde na jamaa zao, kuna kitu ambacho lau wafugaji wetu wangeinama wakakitazama, kingewaokolea fedha nyingi wanazozitumia kununulia mbolea ya kukuzia nyasi za ng'ombe.

Najua wapo watakaouliza: mwalimu wa isimu ana lipi na malisho ya ng'ombe? Swali hilo ni la haki. Mimi si mtaalamu wa kilimo, na sidai kuwa hivyo. Lakini jambo hili nilikutana nalo nikiwa kazini, tena katika somo la Kiswahili, na tangu siku hiyo nimekuwa nikilisoma na kuwauliza wenzangu wa kilimo maswali mengi hadi pengine nimewachosha.

Mwaka 2023 nilikwenda katika shule moja ya upili katika kaunti ya Trans Nzoia kumkagua mwanafunzi wetu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Mwalimu huyo mchanga aliwataka wanafunzi wa kidato cha pili waeleze, kwa Kiswahili sanifu, jambo moja walilojifunza juma hilo katika somo lingine. Ni zoezi zuri, nami nilimpa alama za kutosha kwalo. Kijana mmoja akasimama, akasema bila kusita: "Mimea ya jamii ya kunde hurekebisha nitrojeni ya hewani."

Nilishindwa kujizuia. Nikamuuliza, "Kwani nitrojeni ya hewani imeharibika nini hata irekebishwe?" Darasa zima likaangua kicheko. Kijana akajibu kwa adabu, "Samahani, mwalimu, ndivyo tulivyoandika daftarini."

Sikumlaumu, wala sasa simlaumu. Kitenzi cha Kiingereza alichokuwa akikitafsiri kina maana zaidi ya moja. Kuna maana ya kukitengeneza kilichoharibika, kama afanyavyo fundi wa baiskeli. Na kuna maana ya kukishika kilichokuwa kikielea hadi kikatulia mahali pamoja. Kijana aliijua ile ya kwanza. Ile ya pili hakuna aliyemweleza. Alikuwa na jawabu ambalo katika mtihani wa Kiingereza lingempa alama zote, lakini hakujua lilikuwa likisema nini.

Baada ya kipindi, mwalimu wa somo la Kilimo alinitembeza katika shamba la shule. Palikuwa na ng'ombe wawili wa gredi, ambao maziwa yao hutiwa katika chai ya wanafunzi, na karibu ekari moja ya mabingobingo, au nepia kama wengi waitavyo. Mabingobingo yale yalikuwa membamba na ya rangi ya manjano, hali mvua ilikuwa imenyesha vizuri. "Daktari," akaniambia, "nyasi hizi zinalia mbolea, na mhasibu naye analia karo." Nikamuuliza kama isingewezekana kupanda mmea wa jamii ya kunde katikati ya nyasi hizo, kama nilivyokuwa nimesikia kijana akieleza muda mfupi uliopita. Akacheka kidogo, akasema, "Hayo tunayafundisha kwa ajili ya mtihani."

Maneno hayo ndiyo yaliyonitia kuandika makala haya. Darasani kulikuwa na wanafunzi waliokariri dawa, na hatua mia moja kutoka dirishani palikuwa na mgonjwa. Hakuna aliyevuka uwanja kumpelekea.

Hebu tuliangalie jambo lenyewe. Hewa tunayoivuta ina nitrojeni kiasi cha asilimia 78. Nyasi hazistawi bila nitrojeni, kwa kuwa ndiyo inayojenga protini na kuyapa majani rangi yake ya kijani. Lakini nitrojeni ya hewani imefungamana kwa nguvu sana hivi kwamba nyasi haziwezi kuitumia; zinakaa ndani yake kama mtu aliye baharini na kiu, amezungukwa na maji asiyoweza kuyanywa.

Kuna njia mbili kubwa za kuivunja nguvu hiyo. Ya kwanza ni ya kiwanda. Mwaka 1909 Mjerumani Fritz Haber alionyesha jinsi ya kuiunganisha nitrojeni na haidrojeni, na mwaka 1913 Carl Bosch akaifanya kazi hiyo kwa kipimo cha kiwanda. Mpaka leo mbolea nyingi ya nitrojeni hutokana na njia hiyo, inayohitaji joto la zaidi ya digrii 400 za Selsiasi, mgandamizo mkubwa mno, na gesi asilia nyingi. Ndiyo sababu vita vilipozuka Ukraine mwaka 2022 na gesi ikapanda bei, mfugaji wa Kitale na wa Kinangop aliumia kana kwamba vita hivyo vilipiganwa shambani mwake. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ulipita shilingi 6,000 katika maduka mengi.

Njia ya pili ni ya kimya. Mwaka 1888 wanasayansi wa Kijerumani Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walichapisha uchunguzi wao ulioonyesha kwamba mimea ya jamii ya kunde hupata nitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa vinundu vilivyo katika mizizi yake. Mwaka huohuo Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga bakteria wanaoishi ndani ya vinundu hivyo. Bakteria hao, waitwao raizobia, hufanya kwa joto la kawaida la udongo kile ambacho kiwanda hukifanya kwa tanuri. Mmea huwalipa kwa sukari inayotengenezwa na majani yake. Wao huulipa mmea kwa nitrojeni. Ni biashara ya haki isiyo na dalali.

Kwa lugha yetu, basi, kunde hairekebishi nitrojeni. Huinasa. Neno kunasa linafahamika kwa kila mtoto aliyewahi kutega ndege, na mtoto akiambiwa kwamba mizizi ya mmea ni mtego wa kunasa mbolea iliyo hewani, hatahitaji kukariri tena.

Sasa tutie hesabu, kwa sababu methali peke yake hazilishi ng'ombe. Kwa makadirio yatumiwayo na wataalamu wengi, kila tani ya majani makavu ya mmea wa kunde huwa imenasa kilo 20 hadi 25 za nitrojeni. Hektari moja ya malisho mchanganyiko ikitoa tani nne za majani hayo kwa mwaka, itakuwa imenasa kilo 80 hadi 100. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya CAN una nitrojeni kilo 13 hivi. Kwa hiyo hektari hiyo imejipatia kiasi kilicho katika mifuko sita hadi minane, na ekari moja kama ile ya shule imejipatia mifuko miwili na nusu hadi mitatu. Shule ile haikuweza kununua hata mmoja.

Faida haiishii hapo. Nyasi za nchi za joto hupoteza protini upesi zinapokomaa, na wakati wa kiangazi huweza kushuka chini ya asilimia 7. Zikifikia hapo, vijidudu vilivyo tumboni mwa ng'ombe vinavyosaga nyasi hukosa chakula, na ng'ombe hula kidogo ijapokuwa hori limejaa. Majani ya mimea ya kunde aghalabu huwa na protini ya asilimia 15 au zaidi. Hivyo anayechanganya kunde na nyasi hupata mbolea kwa nyasi zake, na papo hapo hupata chakula bora ambacho angekinunua kwa gunia katika duka la vyakula vya mifugo.

Kinachosikitisha ni kwamba maarifa haya si mageni kwetu hata kidogo. Kitale, si mbali na shule niliyoizungumzia, kilikuwa kituo mashuhuri cha uchunguzi wa malisho tangu kabla ya uhuru. Mtaalamu A. V. Bogdan, aliyefanya kazi huko, alichapisha mwaka 1977 kitabu kikubwa kuhusu mimea ya malisho ya nchi za joto, na kitabu hicho kilisomwa kote duniani. Desmodiamu, mmea wa kunde utambaao, wenye mbegu zinazonasa katika nguo za mpita njia, umejaribiwa na kupendekezwa nchini humu kwa miongo mingi upandwe pamoja na mabingobingo. Kule Mbita, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, kituo cha icipe kikishirikiana na wataalamu wa Rothamsted wa Uingereza kilianzisha katika miaka ya 1990 mbinu ya sukuma-vuta. Katika mbinu hiyo desmodiamu hupandwa katikati ya mistari ya mahindi na mabingobingo hupandwa pembezoni. Desmodiamu huwafukuza wadudu watoboao mabua, hulidhibiti gugu la kayongo, hunasa nitrojeni, na mwishowe huliwa na ng'ombe.

Tena kuna mimea iliyo yetu kwa asili. Nyasi ambazo dunia nzima huziita kwa jina la Wakikuyu zilitoka katika nyanda zetu za juu, na leo zinalisha ng'ombe wa maziwa wa Australia. Klova nyeupe ya Kenya, inayoota yenyewe katika nyanda hizohizo, nayo ilichukuliwa na Waaustralia. Waliichunguza, wakaitafutia bakteria wanaopatana nayo, wakaipanda pamoja na nyasi zile za Kikuyu, na mbegu waliyoitoa wakaipa jina la Safari. Mimi niliye mwalimu wa lugha nilipolisoma jina hilo nilijawa na fahari, kisha fahari ikageuka haya. Mmea wetu, wenye jina la lugha yetu, umekwenda safari ukafika. Sisi tuliobaki nyumbani tunasubiri meli ya mbolea bandarini Mombasa. Penye miti hapana wajenzi.

Hata hivyo, sitaki mwalimu yeyote amalize kusoma makala haya akidhani nimemletea muujiza. Waaustralia wenyewe walijifunza kwa kuumia. Mmea wa kunde uitwao Siratro, waliouzalisha na kuutoa mwaka 1960, ulistawi vizuri mpaka wafugaji walipojaza ng'ombe kupita kiasi. Ng'ombe waliula hadi ukadhoofika na nyasi zikabaki peke yake. Mwingine, stailo ya Townsville, uliokuwa umeenea sana kaskazini mwa nchi hiyo, uliangamizwa na ugonjwa wa kuvu katika miaka ya 1970. Walilazimika kutafuta aina nyingine za stailo zilizoweza kuustahimili ugonjwa huo. Funzo ni kwamba malisho mchanganyiko yanahitaji mtunzaji, na kutegemea mmea wa aina moja tu ni kujitakia msiba.

Yako mambo mengine ya kuzingatia. Kwanza, kunde haina haraka. Desmodiamu huanza polepole. Katika miezi ya mwanzo sharti ipaliliwe, la sivyo magugu huimeza. Aliyezoea kumwaga mbolea Jumatatu na kuona kijani kabla ya mwezi kwisha atakata tamaa asipoambiwa hilo mapema. Pili, nyasi hazipewi nitrojeni hiyo mkono kwa mkono. Sehemu kubwa huzifikia majani na mizizi ya kunde inapooza, au kupitia kwa kinyesi na mkojo wa ng'ombe. Shule inayokata majani na kuyapeleka zizini bila kurudisha samadi shambani inafanana na mtu achotaye maji kisimani na kuziba chemchemi. Tatu, kunde hujinasia nitrojeni lakini haiwezi kujinasia fosforasi. Udongo wa sehemu nyingi za magharibi mwa nchi una upungufu wa fosforasi na asidi nyingi, kwa hiyo huenda ikahitajika mbolea kidogo yenye fosforasi, au chokaa. Nne, bakteria wenyewe huchagua mwenyeji. Kunde nyingine hupatana na raizobia walio tayari udongoni. Nyingine, kama ile klova yetu, zina masharti, na mbegu zake hupakwa bakteria wanaofaa kabla ya kupandwa. Bakteria wa kupaka mbegu wametengenezwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, bewa la Kabete, tangu zamani. Tano, mabingobingo ni marefu na huweza kuinyima kunde jua. Mistari iachiwe nafasi, na nyasi zikatwe kwa wakati.

Wala sisemi kwamba nchi iache kabisa kutumia mbolea ya viwandani. Mahindi yanayolisha mamilioni ya watu yataendelea kuihitaji. Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba tatizo lilikwisha serikali ilipoleta mbolea ya ruzuku, iliyouzwa kwa shilingi 3,500 kwa mfuko mnamo Septemba 2022 na kwa shilingi 2,500 mwaka uliofuata. Ruzuku ni jambo jema kwa mpanda mahindi. Lakini mkulima mdogo akipata mfuko mmoja hautii kwenye nyasi; huutia kwenye mahindi, na afanya vyema. Nyasi huwa za mwisho katika foleni. Isitoshe, mwaka 2024 wakulima waligundua kwamba baadhi ya mbolea waliyouziwa ilikuwa ghushi. Kinundu cha mzizi hakighushiwi. Ukitaka kujua kama kinafanya kazi, kikate kwa wembe: kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinanasa nitrojeni, kikiwa cheupe au kijani, hakuna kitu.

Sasa nawageukia walimu wenzangu na wanafunzi, maana ndio niliowakusudia. Shule nyingi za bweni zina ng'ombe, na nyingi zina kipande cha mabingobingo. Vyama vya 4K vilizinduliwa upya mwaka 2021, na mtaala wa umilisi unadai kwamba mwanafunzi atende na si kukariri tu. Naomba jambo moja dogo. Kila shule yenye nyasi itenge vipande viwili vilivyo sawa. Kimoja kiachwe kama kilivyo. Katika kingine ipandwe desmodiamu kati ya mistari. Si lazima kununua mbegu, ambayo ni ndogo kama vumbi na bei yake si ndogo; mashina yake hutia mizizi penye vifundo, na furushi moja kutoka kwa jirani latosha kuanzia. Wanafunzi wapime urefu wa nyasi na uzito wa majani kila yanapokatwa, kwa muda wa miaka miwili. Mwalimu wa Hisabati atapata takwimu za kweli za kufundishia, mwalimu wa Biolojia atapata vinundu vya kukata, na mpishi atapata maziwa.

Mwalimu wa Kiswahili naye asikae kando. Awape wanafunzi kazi ya kueleza kwa Kiswahili walichokiona, kwa maneno ambayo mama nyumbani angeyaelewa bila kufunguliwa kamusi. Vijitabu vingi vya malisho nilivyovisoma nikitayarisha makala haya vimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali katiba yetu ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Mfugaji wa ng'ombe wawili hawezi kulaumiwa kwa kutotumia maarifa aliyofichwa. Na wizara husika haitakuwa na udhuru, kwa kuwa maneno tunayo: tuna kunde, tuna kinundu, tuna malisho, tuna kunasa.

Nilipokuwa nikiondoka katika shule ile, yule kijana wa kidato cha pili alinifuata hadi langoni. Alikuwa na mche wa maharagwe mkononi, aliokwisha kuung'oa kwenye bustani ya jikoni, bila shaka bila ruhusa. Udongo ulikuwa bado unadondoka. Alinionyesha vinundu vilivyoshikamana na mizizi kama shanga, akaniuliza, "Mwalimu, ni hivi?" Nikamwambia ndivyo. Akavitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo tangu siku hiyo nimelipeleka kwa kila mwalimu wa Kilimo ninayekutana naye, na ambalo sasa nalileta kwenu: "Basi mbona nyasi zetu ni za manjano?"